Nukta ya Loth

Kila alipotoka Moshi na mzigo na kuipita Same, Loth Nathanaeli aliihisi milima kabla hajaitazama. Ilimjia mkono wa kushoto, mikavu miguuni, ya kijani mabegani, na huko juu kabisa ukungu umetua kama nguo iliyoanikwa ikasahauliwa. Akikaribia Makanya, vumbi jeupe la jasi likianza kupepea barabarani, aliinamisha kichwa akachungulia kupitia dirisha la abiria. Mhezi haionekani kutoka kwenye lami. Lakini yeye alijua iko nyuma ya bega lipi, na kwamba nyuma ya bega lile kuna nyumba ya bati jekundu, na ndani ya nyumba ile mama yake, Ernesta, pengine muda huohuo anapuliza moto. Kisha anaipita. Gari linakwenda, mlima unarudi nyuma. Mara mbili tatu kila wiki, miaka nenda miaka rudi, alipita chini ya nyumba aliyozaliwa kama mtu anayepitishiwa sahani ya chakula mbele ya pua.

Haikuwa hivyo zamani. Loth aliingia kwenye magari angali kijana, akiwa utingo wa lori la mbao, akajifunza usukani kwenye njia za milimani ambako kosa moja linakupeleka bondeni. Alipopata leseni akaenda kuendesha barabara kuu, na siku hizo barabara kuu ilikuwa na huruma zake. Ukifika Makanya unaliacha gari kwa mtu unayemwamini, unadandia chochote kinachopanda, unalala kwenu, unakula makande ya mama, kesho unashuka. Bosi akiuliza, tairi. Au daraja. Au maji yalikata njia. Barabara ilikuwa mbovu, na ubovu wake ulibeba uongo mwingi wa madereva.

Kisha barabara ikatengenezwa, na kampuni ikaleta kile kifaa.

Kilikuwa kidogo, cheusi, kinatoshea kiganjani. Fundi aliyekuja kukifunga aliitwa Mbaraka, kijana mcheshi wa Hedaru aliyesomea umeme wa magari. Alilala chali chini ya dashibodi ya Kanta, lile lori dogo la Loth, miguu nje, madereva wamemzunguka kama watu waliokuja kutazama ajali.

"Hii ndiyo mama mkwe," alisema kutoka humo ndani. "Kuanzia leo mnaishi naye. Adabu."

Wakacheka. Jina likabaki.

"Sasa hiyo satelaiti inaniona hapa nilipo?" Loth aliuliza.

"Haikuoni, mzee wangu. Haijui hata kama umezaliwa."

"Inajuaje nilipo, basi?"

"Haijui. Yenyewe inapita huko juu, kilomita elfu ishirini, inataja saa tu. Inasema: mimi ni fulani, niko mahali fulani, saa yangu sasa hivi ni hii. Basi. Inasema hivyo kutwa kucha, kwa dunia nzima, kwa mwenye kusikia na asiyesikia. Mama mkwe wako ndiye anayesikiliza. Anasikia sauti ya hii, ya ile, ya ile nyingine, anaona hii imechelewa kidogo, ile imechelewa zaidi, anapiga hesabu, anajua yuko wapi."

"Na bosi?"

Mbaraka alitoa kichwa, uso umejaa vumbi. "Hapo ndipo penye fitina. Ndani humu kuna laini ya simu, kama ya kwako. Akishajua alipo, anampigia bosi. Mbinguni huko hakuna aliyekusema, mzee. Umesemwa na huyu huyu unayembeba."

Ofisini Moshi wakaweka skrini kubwa ukutani, na kila gari likawa nukta. Nukta ya kijani ikiwa inatembea barabarani, ya njano ikisimama, nyekundu ikitoka nje ya njia iliyochorwa. Njia yenyewe ilikuwa ni lami na ukingo mwembamba huku na huku. Sehemu za kupumzika zilitajwa, Makanya ikiwamo, na dakika zake. Anayetoka nje ya mstari, injini yake inaweza kuzimwa kutoka hukohuko ofisini, kwa kubonyeza. Binti aliyekaa mbele ya skrini aliitwa Nasrin, mzaliwa wa Same, wa mtaa wa karibu na stendi. Sauti yake ilikuwa ya upole, na kwa ajili hiyo Loth alishindwa kumchukia.

"Shikamoo, mzee Loth."

"Marahaba, mwanangu. Nimefanya nini tena?"

"Umesimama, mzee. Umekuwa wa njano."

"Nakojoa, Nasrin."

"Haya, pole. Mimi mwenyewe nikiinuka kwenda huko naulizwa nimekwenda wapi."

Kama mfungwa anavyoukagua ukuta wa chumba chake, Loth alianza kukikagua kile kilichomfunga. Jioni, nyumbani kwake Same, mkewe Victoria akiwa jikoni na watoto wakisoma, yeye alisoma kwenye simu. Alisoma jinsi Warusi walivyorusha kile chombo chao cha kwanza mwaka 1957, mpira wa chuma unaolia pii, pii, na jinsi vijana wawili wa Kimarekani walivyokaa na redio kuusikiliza. Wakagundua mlio unakuwa mwembamba kidogo chombo kikija na mnene kikienda zake, kama honi ya basi linalokupita. Kwa mabadiliko hayo tu wakaweza kukokotoa njia yake angani. Mkubwa wao akawauliza swali la kinyume: kama mtu aliyesimama chini anaweza kujua chombo kiko wapi, je, akishajua chombo kiko wapi, hawezi kujua yeye mwenyewe yuko wapi? Walikuwa na nyambizi za kivita chini ya bahari zilizohitaji jibu hilo. Jibu lilipatikana. Mwaka 1978 vikaanza kurushwa vyombo vya aina mpya, kila kimoja na saa ya atomu tumboni, hadi vikatosha kuizunguka dunia.

Alisoma pia kuhusu ndege ya abiria iliyopotea njia mwaka 1983, ikaingia anga ya Warusi, ikatunguliwa, watu wote waliokuwamo wakafa. Baada ya hapo Marekani ikaahidi kwamba mfumo ule utakuwa wazi kwa raia wa dunia yote, ingawa kwa muda mrefu iliwapa raia sauti iliyovurugwa kwa makusudi, wasipate mahali sawasawa. Mwaka 2000 wakaacha kuivuruga. Warusi walikuwa na vyombo vyao tayari. Wachina na Wazungu wa Ulaya wakaja kuweka vyao. Sasa mbingu imejaa saa. Loth aliliwaza sana jambo hilo. Watu wamekufa, ndipo watu wengine wakaamua kwamba mtu asipotee tena. Hakuna aliyewaza kuhusu yule anayetaka kupotea nusu siku tu, akamwone mama yake.

Siku moja, akiwa anasubiri zamu ya kupakia, ndipo alipolielewa lile jambo la Mbaraka mpaka mwisho, na alilielewa kwa njia ya pembe.

Huko Mhezi, kama kwingine Upareni, kazi ya pamoja inaitwa msaragambo, na inatangazwa kwa pembe jioni ya kuamkia siku yake. Loth alikumbuka akiwa mdogo na baba yake kwenye ukungu mzito, wamekwenda kutafuta mbuzi, hawaoni hata mikono yao. Pembe ya kwao ikalia. Muda kidogo ukapita, ikaja ya ng'ambo ya bonde, kisha ya mbali, nyembamba. Baba akasimama, akageuza kichwa, akasema, "Tumeshuka mno. Nyumbani ni kule." Wakaenda kule, wakafika. Loth sasa alifikiri: kama wapiga pembe wale wangekuwa na saa moja, wakapiga kwa mpigo mmoja, basi kila pembe ingechelewa kwa kadiri ya umbali wake. Pembe moja ingekuambia uko mbali kiasi gani nayo, basi, popote kwenye duara lake. Ya pili ingepunguza. Ya tatu ingekuweka mahali. Na kwa kuwa saa yako wewe uliye kwenye ukungu ni ya bei rahisi, unahitaji pembe ya nne ya kuisahihisha. Ndiyo maana zile za juu zinabeba saa za atomu: ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, nukta yako inaruka mita mia tatu.

Tofauti ilikuwa moja. Pembe ya Mhezi ilikuwa inamwita.

Jambo lingine lilimgusa kwa namna asiyoweza kumweleza mtu. Alisoma kwamba saa ya juu huenda mbio kuliko ya chini, si kwa ubovu, ndivyo ulimwengu ulivyo. Za kwenye satelaiti hupunguzwa mwendo kabla ya kurushwa ili zilingane na zetu. Kwa hiyo hata mlimani, alifikiri, muda unakwenda mbio kidogo kuliko hapa barabarani. Kwa kiasi ambacho hakuna saa ya mkononi ingeweza kukipima, mama yake alikuwa anazeeka haraka kuliko yeye.

Na ni msaragambo uliomfikisha pabaya.

Shamba la mama Ernesta lilikunywa maji ya mfereji unaotoka kwenye ndiva, bwawa la wazee lililochimbwa kwa majembe zamani sana. Kila nyumba ina zamu yake ya maji, na kila nyumba inatoa mkono wa kusafisha ndiva na mfereji kabla ya kupanda. Kwa miaka mama alikuwa akimtuma kibarua. Lakini vijana wa nyumba nyingi walikuwa wamehamia mijini, vibarua wakawa wanakuja kusogeza matope kwa miguu, mfereji ukaanza kufa. Kamati ya maji ikaamua: kibarua basi. Mkono uwe wa mwenye nyumba au mwanawe. Anayekosa mara tatu, zamu yake inakwenda kwa jirani. Baba alishafariki, mama hakuwa tena na nguvu za jembe, na Loth alikuwa mtoto wa kiume peke yake, dada zake wameolewa mbali. Alikuwa ameshakosa mara mbili. Aliomba ruhusa kazini, akaulizwa ni siku gani. Hakuweza kusema, kwa sababu siku inasemwa na pembe, jioni ya kuamkia. Bosi alicheka.

"Yaani Loth, unaomba ruhusa ya siku ambayo bado haijulikani?"

"Ndiyo desturi yetu."

"Nyie Wapare na kesi zenu. Kesho utanishtaki kwa sababu ya desturi."

Mwenyekiti wa kamati, Sifael, alikuwa amesoma naye darasa moja. Ndiye aliyempigia simu jioni ile. Mhezi hakuna mtandao. Ipo kona moja tu chini kidogo ya kijiji, mlima unapoachia mwanya, ambapo mtu akisimama anauona uwanda wote hadi minara ya Makanya. Kila mwenye jambo la kupiga simu hushuka hapo. Wanapaita Kona ya Simu.

"Loth, pembe imelia," Sifael alisema, upepo ukivuma nyuma yake. "Ni kesho. Mimi nimekutetea mara mbili. Ya tatu siwezi, wataniona ninambeba rafiki."

"Nina mzigo wa magodoro kesho, wa Hedaru."

"Hedaru si unapita hapa chini?"

"Napita."

"Basi," alisema Sifael, kana kwamba jambo limekwisha.

Alfajiri Loth alitoka Moshi na ile Kanta. Njia nzima alipiga hesabu, na hesabu yake ilikuwa ya mtu wa mlima ule, asiyehitaji ramani. Ukiacha lami Makanya na kuuingia mkunjo wa kwanza, mlima unasimama kati yako na mnara, simu inakufa. Haifufuki hadi Kona ya Simu, na pale ukipita bila kusimama mara nyingi haiwahi kushika. Satelaiti zitaendelea kutaja saa zao, hilo alijua. Mama mkwe ataendelea kusikia. Lakini atampigia nani? Huko Moshi nukta itabaki Makanya, ya njano, dereva anakunywa chai. Akichelewa sana atasema tairi. Baada ya miaka yote ile, tairi.

Alisimama Makanya kwa muda mfupi, Nasrin aione njano. Kisha akakata kona.

Gari lilipanda. Alipita Kona ya Simu kwa gia ya pili bila kuugusa mguu wa breki, simu yake kwenye dashibodi ikabaki kimya. Alipofika juu alikuta watu wameshaingia matopeni.

"Mwoneni mgeni huyo!" mtu alipaza sauti. "Mpeni kiti!"

"Kiti cha nini, mpeni jembe!"

"Kanta nzima, Loth? Umekuja kuhamisha bwawa?"

"Ameleta magodoro," alisema Sifael, naye akicheka kwa ahueni. "Tukichoka tulale."

Loth alivua viatu. Matope yalikuwa baridi hadi magotini. Alichimba, akarusha, akachimba, mgongo ukauma kwa namna ya kale aliyokuwa ameisahau. Mama yake alikuja na sufuria ya makande pamoja na wanawake wengine, akasimama ukingoni, mdogo kuliko alivyomkumbuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Hiyo barabara haikulishi?"

"Inanilisha, mama."

"Kula basi." Akamkalisha, akabaki amesimama juu yake kumkinga jua kwa kivuli chake, kama mtoto. Loth alikula bila kuinua macho. Sifael alipita akasema kwa sauti ya watu wote kusikia kwamba nyumba ya Ernesta imetoa mkono wake, na zamu yake iko palepale.

Hakusubiri maji yafunguliwe. Alimuaga mama yake kwa haraka, akanawa miguu nusu nusu, akageuza gari. Alikuwa anateremka akiimba kimoyomoyo.

Kwenye Kona ya Simu, simu ililia.

Tangu simu zije, watu wa Mhezi walisimama pale simu ikilia. Mguu wake ulikanyaga breki kabla kichwa hakijafikiri. Akaliegesha gari pembeni, juu ya kalvati mfereji unapopita chini ya barabara, akazima injini, akavuta breki ya mkono. Mbele yake uwanda wote wa Makanya ulikuwa wazi.

"Shikamoo, mzee Loth." Sauti ya Nasrin ilikuwa imechoka. "Nimekupigia sana, hupatikani. Umekuwa wa njano muda mrefu mno. Uko wapi?"

"Niko hapahapa Makanya, mwanangu. Tairi la nyuma. Nimehangaika nalo, jeki nayo…"

"Makanya."

"Makanya. Karibu na sheli. Nimeazima jeki kwa jamaa mmoja, sasa nati moja ikawa imekaza…"

"Mzee Loth."

"Imekaza kabisa, ikabidi…"

"Mzee Loth, nakuomba usiendelee." Alikuwa anashusha sauti, kama mtu aliye karibu na wengine. "Zinaingia."

"Nini kinaingia?"

"Nukta zako. Kifaa kikikosa mtandao hakinyamazi, kinaweka. Kikipata kinatema zote. Zinakuja sasa hivi ninavyozungumza na wewe, moja moja, na saa zake. Umeacha lami. Umepanda. Zote nyekundu. Kuna mahali umesimama muda mrefu." Akasikika akibofya kitu. "Nikiweka picha ya juu naona kidimbwi. Ni ziwa?"

Loth alitazama kile kifaa chini ya dashibodi, kitaa chake cha kijani kikipepesa haraka haraka, kama mtu anayeongea bila kumeza mate.

"Ni ndiva," alisema. "Nilikuwa kwa mama yangu."

"Anaumwa?"

Angeweza kusema ndiyo. "Hapana. Ni mzima."

Alisikia binti akivuta pumzi. "Ningekuwa peke yangu ningefuta, wallahi. Lakini ripoti inakwenda yenyewe kwa bosi. Ameshaiona. Ameniambia nibonyeze." Kisha: "Nimebonyeza, mzee. Nisamehe. Afisa anakuja na dereva mwingine. Usiliache gari."

Alipogeuza ufunguo, taa za dashibodi ziliwaka, injini ikabaki kimya.

Dereva mwingine. Alikaa na maneno hayo mawili. Mgongoni alikuwa na magodoro ya watu, hakuweza kuyaacha. Juu yake kilikuwa kijiji, dakika chache kwa miguu. Chini yake barabara kuu, malori yakitambaa kama siafu, kila moja na nukta yake ukutani Moshi. Hakuweza kwenda kokote kati ya huko kuwili. Matope yalianza kukauka miguuni na kuvuta ngozi. Alifikiria atakavyomwambia Victoria, akaliacha wazo hilo, likarudi. Mchana ulisogea. Juu, mbali kupita mwewe, vyombo vile vilipita vikitaja saa, saa, saa, visivyomjua.

Ndipo aliposikia kelele za watu huko juu, na baada ya kitambo, chini ya matairi, kitu kikisogea. Kwanza kama majani makavu yanayosukumwa. Kisha sauti ikajaa. Walikuwa wamefungua ndiva. Maji yaliingia kwenye kalvati, yakapita chini ya gari lililozimwa, yakatokea upande wa pili ya kahawia, yamebeba takataka na povu, yakakata kona kuelekea shamba la mama Ernesta.

Simu ikalia tena.

"Bado upo hapo, mzee? Nukta haijasogea."

"Nipo," alisema Loth. "Wapi tena nitakwenda."

Nasrin hakukata simu. Loth naye hakukata. Alifungua mlango wa gari ili yeye na binti wayasikie maji vizuri zaidi.